Sauti Isiyo na Santuri: Maisha na Usanii wa Florence Mills

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba kazi ya fanani haikamiliki mpaka itendwe mbele ya hadhira. Wimbo ukishaandikwa karatasini huwa umepoteza toni, ishara za uso, miondoko ya mwili na itikio la wasikilizaji. Kauli hii hurudiwa sana katika mihadhara na mitihani, lakini ni nadra kupimwa kwa kufuata maisha ya msanii mmoja. Makala haya yanaipima kupitia kwa Florence Mills, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwigizaji wa futuhi za muziki, yaani michezo ya kuchekesha inayochanganya mazungumzo, nyimbo na ngoma. Mills alivuma New York, London na Paris katika miaka ya 1920. Hata hivyo, hakuna santuri hata moja iliyopata kutolewa ikiwa na sauti yake. Je, mhakiki amsome vipi msanii ambaye matini yake ilikuwa mwili na sauti yake mwenyewe?

Malezi ya Jukwaani

Mills alizaliwa mjini Washington mwishoni mwa karne ya 19. Wazazi wake, John na Nellie Winfrey, walikuwa wamezaliwa utumwani katika jimbo la Virginia. Alianza kuimba na kucheza hadharani angali mtoto mdogo, akijulikana kama Baby Florence. Aliyemfunza mojawapo ya nyimbo zake za kwanza ni Aida Overton Walker, mwigizaji mweusi aliyekuwa ametangulia kupata sifa. Hapa tayari kuna jambo linalofahamika vyema kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi: sanaa hii ilirithishwa kwa mdomo na kwa kuiga, kutoka kwa fanani mkongwe hadi kwa chipukizi.

Baadaye Mills aliunda kundi pamoja na dada zake, Olivia na Maude. Mjini Chicago aliimba katika utatu wa Panama pamoja na Cora Green na Ada Smith, aliyekuja kujulikana kwa jina la Bricktop. Aidha, alizunguka na kundi la Tennessee Ten, ambamo alikutana na mchezaji ngoma Ulysses Thompson, aliyekuja kuwa mumewe. Miaka hiyo ya kutangatanga ndiyo iliyokuwa chuo chake.

Kutoka Shuffle Along hadi Blackbirds

Mwaka 1921 tamthilia ya Shuffle Along ilianza kuonyeshwa mjini New York. Muziki na maneno ya nyimbo vilikuwa vya Eubie Blake na Noble Sissle, na mazungumzo yalikuwa ya Flournoy Miller na Aubrey Lyles. Wote wanne walikuwa Wamarekani weusi. Mills hakuwamo tangu mwanzo. Aliingia mwaka huohuo kuijaza nafasi iliyoachwa na Gertrude Saunders, naye akaipa nafasi hiyo uzito usiotarajiwa. Langston Hughes, mshairi anayefahamika kwa wengi wanaosoma fasihi, anaihesabu tamthilia hiyo katika tawasifu yake kuwa miongoni mwa mambo yaliyouanzisha mwamko wa sanaa wa Harlem.

Kuanzia hapo Mills aliajiriwa na Lew Leslie, mfadhili mzungu wa maonyesho. Mwaka 1922 alikuwa kiini cha Plantation Revue, na mwaka 1923 akapelekwa London katika Dover Street to Dixie. Mwaka 1924 aliongoza Dixie to Broadway mjini New York. Kabla ya hapo alikuwa ameukataa mwaliko wa Florenz Ziegfeld, aliyemiliki maonyesho yaliyotamaniwa na waigizaji wengi. Kuukubali kungemfanya yeye peke yake kuwa mweusi mwenye bahati miongoni mwa wazungu. Kuukataa kulifungulia mlango kundi zima la wasanii weusi. Hatimaye, mwaka 1926, onyesho la Blackbirds lilianzia Harlem, likaenda Paris, kisha London.

Kicheko na Mvutano

Futuhi ya muziki ya Marekani ilikuwa imejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya dhihaka dhidi ya watu weusi. Katika karne ya 19 waigizaji wazungu walijipaka masizi usoni na kumchora mtu mweusi kama mvivu na mjinga, na watazamaji wakacheka. Hata katika Shuffle Along, Miller na Lyles, weusi wenyewe, walijipaka masizi kwa sababu hadhira ilikuwa imezoea hivyo.

Tuzingatie pia majina ya maonyesho yaliyompa Mills umaarufu. “Plantation” ni shamba kubwa lililolimwa na watumwa. “Dixie” ni jina la kimahaba la majimbo ya kusini yaliyoutetea utumwa. Binti wa watu waliozaliwa utumwani alisimama mbele ya hadhira yenye wazungu wengi, chini ya majina hayo, akitarajiwa kuwachekesha. Baadhi ya wahakiki wanaweza kuhitimisha kwamba alishiriki katika kujidhalilisha. Makala haya yanauona msimamo huo kuwa finyu, kwa kuwa unasoma jina la onyesho na kuacha kusoma utendaji.

Mfano bora ni wimbo uliofungamana naye tangu Dixie to Broadway, “I'm a Little Blackbird Looking for a Bluebird”. Katika wimbo huo ndege mdogo mweusi anamtafuta ndege wa buluu, ambaye katika utamaduni wa Wamarekani ni ishara ya furaha. Maneno yake yaliandikwa na watunzi wengine, nayo yakisomwa kavukavu ni ya wepesi, karibu ya kitoto. Kinywani mwa Mills, rangi ya ndege iligeuka kuwa rangi ya mwimbaji, na utafutaji wa furaha ukawa dai la watu walionyimwa. Hakuna neno lililobadilishwa; kilichobadilika ni nani anasema, mbele ya nani, na katika mazingira gani. Hivi ni kusema kwamba mtunzi alitoa maneno, lakini maana iliumbwa na mtendaji.

Kifo na Ushahidi Uliobaki

Kazi ya mfululizo ilimdhoofisha. Mills alirejea New York mwaka 1927, akafanyiwa upasuaji, na kufariki tarehe 1 Novemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu. Magazeti yalikadiria kwamba zaidi ya watu 150,000 walijaa katika barabara za Harlem siku ya mazishi. Katika masimulizi mengi ya siku hiyo husemwa kwamba ndege weusi waliachiliwa waruke juu ya msafara. Masimulizi hayo yanadhihirisha jinsi umma ulivyokuwa umemfanya mwimbaji na wimbo wake kuwa kitu kimoja.

Mhakiki basi ana ushahidi wa aina tatu. Kwanza, kuna maneno na noti za nyimbo. Pili, kuna kauli za mashahidi. James Weldon Johnson, katika kitabu chake Black Manhattan cha mwaka 1930, anakiri jinsi ilivyo vigumu kumweka Mills katika fungu moja la wasanii. Kukiri huko nako ni ushahidi: kunaonyesha mtendaji aliyevuka mipaka ya utanzu. Tatu, kuna sanaa zilizozaliwa na sanaa yake. William Grant Still alimtungia Levee Land, aliyoiimba mwaka 1926 katika tamasha la muziki mpya. Mwingereza Constant Lambert aliomboleza kwa kutunga Elegiac Blues, na mwaka 1928 Duke Ellington akatoa Black Beauty kwa kumkumbuka.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wa kulinganisha. Mwaka 1928, miezi michache baada ya kifo cha Mills, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Kwa hiyo Siti ametuachia sauti yake na pia wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert. Mills ana wasifu, lakini msomaji wake hana sauti ya kuurejelea. Tofauti hiyo inaonyesha ni kiasi gani cha maarifa hutegemea kuwapo kwa mtu aliyeona thamani ya kuhifadhi.

Hitimisho

Maisha ya Florence Mills yanathibitisha kwamba utendaji ni nguzo ya maana, wala si pambo la matini. Vilevile yanatahadharisha. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani akarudi na maneno ya nyimbo pekee, bila kueleza sauti, mwili, hadhira na tukio, amerudi na ganda akaacha kiini. Waimbaji wa taarabu, waigizaji wa vichekesho na manju wa ngoma walio hai leo wangali wanaweza kusikilizwa na kurekodiwa. Hilo ni jukumu la wanaosoma fasihi sasa, kabla hawajaachiwa mashahidi peke yao wa kuwasimulia.