Maziwa Mala na Sumu ya Zebaki



Katika mkutano wa kikundi kimoja, mama mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, mzee wangu anachimba dhahabu na zebaki anaichomea jikoni kwetu. Nimesikia ati maziwa mala yanatoa hiyo sumu mwilini. Ni kweli?" Swali zuri. Hebu tulijibu pamoja.

SUMU YENYEWE
Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama huko Migori, hutumia zebaki kushika dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hauonekani, lakini ukivutwa huingia katika damu. Kwa mama mjamzito hufika hadi kwa mtoto na kudhuru ubongo wake. Zebaki ikifika ziwani, huingia pia katika samaki tunaokula.

WATAALAMU WALIONA NINI?
Mwaka wa 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Mwanza, Tanzania. Akina mama wajawazito walipewa yogati yenye bakteria wazuri waitwao Lactobacillus rhamnosus GR-1. Zebaki na arseniki katika damu yao hazikupanda kama kwa wale ambao hawakuinywa. Kwa watoto wa shule, tofauti haikuwa wazi. Yogati ya namna hii hata vikundi kama vyetu vinaweza kuitengeneza: akina mama wa Tukwamuane, huko Mwanza, walianza mwaka wa 2004.

Bakteria hawa hunasa madini yaliyo ndani ya tumbo, kama mbigili zinavyonasa nguo, kisha yote hutoka pamoja na choo.

Sasa tuangalie vizuri. Wao hunasa sumu iliyokuja na chakula au maji. Mvuke hupitia mapafuni, si tumboni! Kwa hiyo yogati haiwezi kumkinga mama yetu na moshi wa jikoni. Tena mala yetu ya nyumbani ina bakteria wa aina nyingine. Ni chakula bora, lakini tusiiite dawa.

TUFANYE NINI?
1. Zebaki isichomwe nyumbani kamwe, wala sufuria iliyotumika isipikiwe chakula.
2. Mchimbaji abadilishe nguo na kuoga kabla ya kushika watoto.
3. Chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe.
4. Usigandishe maziwa wala uji katika debe la bati au chombo kilichopakwa rangi. Ule uchachu hula chuma na kuleta sumu nyingine. Tumia kibuyu safi au chupa ya kioo.
5. Mtu akitetemeka mikono, au akisahau-sahau, aende hospitali na aseme wazi kwamba anatumia zebaki.

Bakuli la mala ni jema, lakini kwanza tuondoe moto ule jikoni.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Katika kijiji chetu, sumu hizi zinaweza kutoka wapi?
2. Ni nani atazungumza na wachimbaji, na lini?
3. Je, kikundi chetu kinaweza kuanza kutengeneza yogati? Tuna vyombo gani?