Hekalu la Thanjavur: Daftari Lililochorwa Juu ya Mawe

Kusini mwa Bara Hindi, katika nchi tambarare inyweshwayo na mto Kaveri, upo mji uitwao Thanjavur. Msafiri aujiaye mji huo huona kutoka mbali mnara wa mawe uliopita nyumba zote kwa kimo. Huo ni mnara wa hekalu la Brihadisvara, hekalu la mungu Shiva, lililokamilishwa mwaka 1010 kwa amri ya Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola. Wengi hulisifu kwa ukubwa wake. Lakini hazina yake iliyo kubwa zaidi ni maneno yaliyochorwa katika kuta zake.

JINSI LILIVYOJENGWA

Hekalu limo ndani ya ua wenye urefu wa futi karibu 800 na upana wa futi 400 hivi. Mtu huingia upande wa mashariki kwa malango mawili yafuatanayo. Mbele yake humwona Nandi, yaani fahali wa Shiva, aliyechongwa katika jiwe moja na kuwekwa pale na watawala wa zama za baadaye. Kisha hupita kumbi, na mwisho hufika penye chumba kitakatifu.

Juu ya chumba hicho ndipo uliposimama mnara, kimo chake futi 200 hivi, nao huzidi kuwa mwembamba daraja baada ya daraja mpaka kileleni. Katika mahekalu mengi ya kusini yaliyojengwa baadaye, minara ya malangoni ndiyo mirefu kuliko yote. Hapa sivyo: malango ni mafupi, na mahali patakatifu ndipo palipoinuliwa.

Mawe yaliyotumika ni magumu sana, nayo hayapatikani katika bonde lile la mto; yalichukuliwa kutoka mbali. Wenyeji husimulia kwamba kivuli cha mnara hakianguki chini kamwe. Jambo hilo si kweli, maana asubuhi na jioni kivuli huonekana wazi uani. Kazi yenyewe ni ya ajabu ya kutosha bila kuongezewa chumvi.

HESABU ZA UKUTANI

Rajaraja aliamuru kwamba zawadi zake, na za dada yake mkubwa Kundavai, na za wake zake, na za watu wengine, zichorwe katika mawe ya hekalu. Jambo hilo lilitimizwa kwa uangalifu mkubwa, kwa lugha ya Kitamil. Vyombo vya dhahabu vimeandikwa pamoja na uzito wake. Kwa ajili ya kila taa iliyopasa kuwaka daima, wachungaji walikabidhiwa kondoo majike 96, nao wakawajibika kuleta kipimo cha samli kila siku. Fedha za hekalu zilikopeshwa mabaraza ya vijiji, kwa faida ya sehemu moja katika nane kwa mwaka.

Wanawake 400, wachezaji wa ngoma za ibada, waliletwa kutoka mahekalu mengine ya nchi. Ukuta humtaja mchezaji kwa jina lake, hekalu alikotoka, mtaa na nyumba aliyopewa, na fungu lake la mpunga. Wamo pia makarani wa hesabu, masonara, maseremala, wafinyanzi, washoni, madobi na vinyozi. Hata fundi mkuu, Kunjaramallan, hakuachwa.

Daftari hilo halifichi upande wa pili. Sehemu ya mapato ilitoka katika vijiji vya Sri Lanka, nchi ambayo majeshi ya Rajaraja yalikuwa yameiteka upande wa kaskazini. Utukufu wa hekalu, basi, ulilipwa pia na watu ambao hawakuulizwa.

JINA LILILOSAHAULIWA

Katika karne ya 13 enzi ya Chola ilikwisha, na watawala wengine wakafuata. Miaka ikapita hata jina la mjenzi likasahauliwa. Hadithi za mahali zikampa sifa mfalme mwingine, zikisema kwamba alijenga kwa shukrani ya kuponywa ukoma. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani E. Hultzsch, mtaalamu wa maandishi ya kale katika utumishi wa serikali, aliyasoma maandishi ya kutani. Ukuta wenyewe ukamtaja Rajaraja.

Mwaka 1931 jambo jingine liligunduliwa. Katika ujia mwembamba uzungukao chumba kitakatifu, chini ya picha za rangi za karne za karibu, zilionekana picha nyingine za zama za Chola. Mafundi wa baadaye walizibandua zile za juu bila kuziharibu, ili za chini nazo zionekane.

Mwaka 1987 hekalu liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2004 mahekalu mawili mengine ya Chola yakaunganishwa nalo. Ibada ingali ikifanywa humo. Mwezi wa Februari 2020 lilipotakaswa upya, sala zilisomwa kwa Kitamil na Kisanskriti pia, kama mahakama ilivyoamua.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mnara ule ulidumu miaka mingi bila kuweza kumtaja aliyeujenga. Mistari midogo chini yake ndiyo iliyomtaja, pamoja na dobi na mchunga kondoo.

MASWALI

1. Kwa nini mnara mrefu uliwekwa juu ya chumba kitakatifu, wala si langoni?
2. Kondoo 96 walihusianaje na taa?
3. Ni mambo gani ya kijiji chako yafaayo kuandikwa sasa, kabla wayajuao hawajaondoka?