Dondoo muhimu: Kupanda milima peke yako kwa baiskeli

Anayesafiri peke yake milimani apunguze mzigo kwanza, ndipo afikirie nguvu za miguu. Kutoka Mombo hadi Lushoto, katika milima ya Usambara, ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini barabara inapanda karibu mita 1,000. Kila kilo uliyofunga kwenye keria utaiinua kimo hicho chote, kona baada ya kona. Weka gia nyepesi kabla mwinuko haujakuelemea, maana kubadilisha gia huku umekandamiza pedali kwa nguvu zote huweza kukata cheni.

Wapo watakaosema kwamba asiye na mwenzake lazima abebe kila kitu. Hoja hiyo ina uzito, lakini vitu vya lazima ni vichache: tyubu, viraka na solusheni, pampu, waya wa breki, koti la mvua na taa. Maji na chakula utavipata Soni, njiani. Isitoshe, mzigo mzito ni hatari zaidi unaposhuka: breki za mpira zikibanwa mfululizo huchemsha rimu, na tyubu huweza kupasuka. Zibane kwa vipindi, ya mbele na ya nyuma kwa zamu.