Matanga Yakiisha, Mtoto Abaki na Nani?

Mtu mzima akifiwa, majirani humjia, jamaa hulala naye matangani, na kila aingiaye humpa pole. Lakini mtoto wa marehemu je? Mara nyingi hupelekwa nyumba ya pili asisumbue, naye huambiwa kwamba baba amesafiri. Watu hufanya hivyo kwa huruma, ila huruma hiyo ina madhara. Siku moja mtoto ataijua kweli, pengine kwa kinywa cha mwenziwe shuleni, na hapo atakuwa amepoteza mawili: baba yake, na imani yake kwa wale waliobaki.

Basi kwanza, mtoto aambiwe kweli na mtu ampendaye, kwa maneno mepesi: baba amekufa, hapumui tena, wala hasikii maumivu. Tusimwambie kwamba amelala, asije akaogopa usingizi. Mtoto mdogo hajafahamu bado kwamba kifo hakina marejeo ya dunia hii. Kesho atauliza tena baba atarudi lini. Asikemewe, bali ajibiwe vile vile. Aliye mkubwa kidogo huweza kudhani kwamba ukaidi wake ndio uliomwua mzazi. Huyo hana budi kuambiwa waziwazi kwamba hana kosa.

Kijana naye leo hulia, kesho hucheza mpira kana kwamba hakuna lililotokea. Tusimhukumu, kwani huzuni ya vijana huja na kupwa kama maji ya bahari. Wala tusimwambie mvulana ajikaze kiume. Injili ya Yohane, sura ya 11, yatusimulia kwamba Bwana wetu mwenyewe alimlilia rafiki yake Lazaro.

Pili, tukumbuke kwamba siku zilizo ngumu huja baada ya turubai kushushwa: siku ya kufungua shule, sikukuu ya Noeli, jioni ambayo kiti kimoja ki wazi. Hapa ndipo penye kazi ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Ichague mtu mmoja, mama au baba mwenye subira, amtembelee mtoto huyo mwaka mzima, na kumwarifu mwalimu wake. Nao ukoo, ukigawana malezi, usiwatenganishe ndugu pasipo lazima.

Tatu, jina la marehemu lisifichwe. Katika miaka ya 1990, akina mama wa Uganda walioishi na virusi vya UKIMWI waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye habari za ukoo, picha na mausia. Nasi twaweza kumwekea mtoto picha, kanga ya mama, na masimulizi yake, na kwenda naye kaburini tarehe 2 Novemba kuwaombea marehemu wote.

Lakini mtoto akikataa chakula au shule kwa majuma mengi, au akisema ataka kumfuata marehemu, tusingoje. Apelekwe hospitali upesi. Hapa Tanzania iko pia simu ya mtoto, namba 116, isiyo na malipo.

Wazazi na walezi, twajua kuzika vema. Tujifunze na kubaki. Juma hili, ulizeni katika jumuiya yenu: ni mtoto gani aliyefiwa mwaka huu, na ni nani aliyekwisha kuketi naye?