Leseni Iko kwa Nani: Namna ya Kuipata Tarikhi ya Matumizi ya Kila Mtumiaji

Anayenunua leseni za programu kwa dola na kuzilipia kwa shilingi hujua mapema kuwa leseni iliyolala hugharimu sawa na leseni inayofanya kazi. Na mwezi wa Januari 2024, dola moja ilipofika takriban shilingi 160, hata wakubwa ambao kabla ya hapo hawakujali idadi ya leseni zao walianza kuziulizia habari. Mimi ni mtu wa kompyuta katika kampuni ya maua yenye ofisi Nakuru mjini na mashamba upande wa Naivasha na Subukia, na swali nililoletewa na mama wa hesabu lilikuwa la maneno machache: “Kijana wangu, nani anatumia nini, na tangu lini?” Nusu ya kwanza ya swali lile ni nyepesi. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, maana wengi huingia katika kazi hii wakidhani kuwa tarikhi ya matumizi imewekwa mahali fulani ikiwangoja waiombe, na sivyo.

Leseni zetu ni za Microsoft 365, na mlango wa kuziulizia ni API iitwayo Microsoft Graph. Yapasa msomaji afahamu, kabla hajaandika mstari hata mmoja wa skripti, kwamba mlango huo una kumbukumbu fupi. Ukiuliza leo nani ana leseni ipi, utajibiwa papo hapo na kwa ukamilifu. Ukiuliza nani alitumia huduma gani katika siku 180 zilizopita, utapewa tarehe ya mwisho tu ambayo kila huduma iliguswa. Ama ukiuliza leseni fulani ilikuwa ya nani mwezi wa Machi mwaka juzi, hutapata jibu. Daftari la ukaguzi, ambalo huandika kila leseni inapotolewa au kuondolewa, pamoja na jina la aliyefanya hivyo, hudumu siku 7 kwa taasisi isiyolipia Entra ID (huduma ya Microsoft ya kusimamia watumiaji) ya daraja la P1 au P2, na siku 30 kwa ile inayolipia; baada ya hapo hufutwa. Kwa hiyo anayetaka tarikhi hana budi kuiandika mwenyewe, siku baada ya siku, na kila nitakaloeleza hapa chini limesimama juu ya jambo hilo moja.

Kazi huanzia katika ukurasa wa usimamizi wa Entra, mahali pa kusajili programu. Huko utaipa skripti yako jina, nawe utapewa namba mbili, moja ya programu na moja ya taasisi, kisha utaunda siri ambayo ndiyo nywila ya skripti, na ambayo huonyeshwa mara moja tu, basi inakili mahali penye sitara na wala usiiandike ndani ya skripti yenyewe. Idhini utakazoomba ziwe za programu, si za mtu aliyeingia kwa jina lake, maana skripti itafanya kazi usiku wewe ukiwa umelala: Reports.Read.All kwa ripoti za matumizi, User.Read.All kwa watumiaji na leseni zao, Organization.Read.All kwa idadi ya leseni zilizonunuliwa, na AuditLog.Read.All kwa daftari la ukaguzi. Zote nne ni za kusoma tu. Nimeona watu wakiomba na za kuandika eti zitafaa baadaye, nami naona huo ni uzembe, kwa kuwa siri ikivuja, aliyeiokota atakuwa na uwezo uleule uliojipa. Msimamizi wa taasisi mwenye mamlaka hayo sharti aziridhie idhini hizo kwa kubofya kwake mwenyewe, la sivyo kila ombi litarudi na namba 403.

Skripti ikishasajiliwa, hupeleka namba zake na siri yake kwa login.microsoftonline.com, ikitaja upeo wa https://graph.microsoft.com/.default, nayo hurudishiwa tokeni itakayoambatanishwa na kila ombi. Tokeni hudumu saa moja au kidogo zaidi. Hapana haja ya kuihifadhi; omba mpya kila skripti inapoamka.

Jambo litakalomfadhaisha mgeni ni hili: tangu tarehe 1 Septemba 2021, ripoti za matumizi huficha majina ya watumiaji zisipoelekezwa vinginevyo, na badala ya anwani ya mtu utaona mfululizo wa herufi na tarakimu zisizo na maana. Ripoti kama hiyo yafaa kwa jumla, lakini haifai kitu kwa anayetaka habari za mtumiaji mmoja mmoja. Msimamizi mkuu anaweza kuondoa pazia hilo katika mipangilio ya taasisi, sehemu ya ripoti; ila asiliondoe kabla hamjakubaliana kwa maandishi nani atasoma na kwa ajili gani, jambo nitakalolirudia.

Sasa twende kwenye maombi yenyewe. La kwanza ni picha ya kila siku ya nani ana nini:

GET https://graph.microsoft.com/v1.0/users?$select=id,userPrincipalName,accountEnabled,assignedLicenses,licenseAssignmentStates&$top=999

Jibu huja kwa kurasa, na ukurasa usio wa mwisho hubeba kiungo kiitwacho @odata.nextLink, ambacho yapasa kukifuata mpaka kitoweke. Asiyekifuata atadhani kampuni ina watu wachache kuliko walio katika orodha ya mishahara. Leseni hazitajwi kwa majina bali kwa vitambulisho virefu, na tafsiri yake hupatikana kwa kuuliza /subscribedSkus, ambayo pia hueleza zimenunuliwa ngapi na zimegawiwa ngapi. Lakini hadhari na majina hayo, kwa kuwa mwaka 2020 majina ya biashara yalibadilishwa na ya ndani yakaachwa kama yalivyokuwa: kinachoitwa O365_BUSINESS_PREMIUM leo huuzwa kwa jina la Business Standard, na Business Premium yenyewe huitwa SPB. Aliyeamua mambo yawe hivyo hakuwahi kukaa mbele ya mhasibu akamweleza ankara.

Sehemu ya licenseAssignmentStates ina faida kuliko ionekanavyo, kwa sababu hueleza kama leseni ilitolewa kwa mtu moja kwa moja au ilimjia kwa kuwa mwanachama wa kundi, na lini hali hiyo ilibadilishwa mara ya mwisho. Picha ya leo ikilinganishwa na ya jana, tofauti zake ndizo mwanzo na mwisho wa kila leseni kwa kila mtu. Daftari la ukaguzi nalo hulijaza pengo la aliyefanya, ukilichuja kwa tendo liitwalo ‘Change user license’.

Ombi la pili ni la matumizi:

GET https://graph.microsoft.com/v1.0/reports/getOffice365ActiveUserDetail(date=2025-02-10)

Ripoti hii yaweza kuombwa kwa muda, yaani D7, D30, D90 au D180, na yaweza kuombwa kwa tarehe moja, maadamu tarehe hiyo haijapita siku 30. Siku ya kwanza omba D180, ujue kila mtu aligusa lini mara ya mwisho. Kisha omba tarehe moja moja kwa kurudi nyuma, uvune kile kidogo kilichobaki. Na kuanzia hapo iombe kila usiku. Jibu haliji moja kwa moja, bali seva hukuelekeza, kwa namba 302, kwenye anwani nyingine ya muda mfupi ambako faili ya CSV hupakuliwa pasipo tokeni. Maktaba nyingi za Python hufuata maelekezo hayo zenyewe. Ukikutana na namba 429, umeambiwa unauliza mno: soma kichwa cha Retry-After, ngoja sekunde zilizotajwa, kisha uendelee.

Ripoti haikomai siku ileile. Aghalabu huchelewa siku mbili hivi, ndiyo maana skripti yangu huomba tarehe ya siku tatu nyuma na kuandika upya za karibu yake. Na siku ya ripoti ni siku ya UTC, inayoanza hapa kwetu saa tisa za usiku. Kwa ofisi ya Nakuru hilo halina uzito. Kwa wapakiaji wa Naivasha, ambao malori yao hutoka usiku kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na hasa katika majuma yaliyo kabla ya 14 Februari, zamu moja hugawanyika katika tarehe mbili, na mtu aliyefanya kazi usiku mmoja huonekana amefanya siku mbili. Nimeliacha lilivyo, ila nimeliandika juu ya ripoti ili msomaji alijue.

Yote hayo ni ya ufundi tu, na mwenye subira atayamaliza. Uzito upo katika kufasiri. Ripoti niliyoitaja huangalia huduma kama Exchange, OneDrive, SharePoint na Teams. Haimwoni mtu afunguaye Excel katika kompyuta yake na kuhifadhi faili katika diski yake mwenyewe. Sasa fikiri ni nani katika kampuni aishiye ndani ya Excel kutwa kucha, asiyependa Teams na asiyeiamini OneDrive, na utakuta ni yuleyule mama wa hesabu aliyekuagiza ripoti. Lau ningempelekea jedwali la kwanza lilivyotoka, lingemwonyesha yeye na idara yake kuwa miongoni mwa watu wa kunyang'anywa leseni ghali. Dawa yake ni ripoti ya pili, getM365AppUserDetail, ambayo hueleza kwa kila mtu ni programu ipi kati ya Outlook, Word, Excel, PowerPoint, OneNote na Teams iliyotumiwa, na kama ni katika Windows, Mac, simu au kivinjari. Mtu asihesabiwe kuwa hatumii mpaka ripoti zote mbili zimekubaliana juu yake.

Ripoti hiyo ya pili ilinifunulia pia jambo ambalo sikuwa nikilitafuta: wasimamizi wengi wa vibanda vya kupakia maua hawakuwahi kugusa programu yoyote ya kompyuta, bali walisoma barua na ujumbe wa Teams kwa simu peke yake, ilhali walikuwa na leseni zilezile za watu wa ofisini. Hao si wavivu wa kutumia; wamepewa tu kisichowafaa. Ziko leseni za F1 na F3, zilizokusudiwa wafanyakazi wa mstari wa mbele, kwa bei ya chini sana, ingawa sanduku la barua la F3 ni la GB 2 tu na yapasa kumwambia mtu hivyo kabla ya kumhamisha. Akiba kubwa ilitoka huko, wala haikutoka kwa waliolala.

Kwa kuhifadhi, SQLite yatosha. Nina jedwali la picha za leseni na jedwali la siku za matumizi, na ufunguo wa kila mstari ni mtu na tarehe, hata skripti ikirudiwa baada ya umeme kukatika, mstari hubadilishwa na haujirudii. Mtu atambulishwe kwa id yake wala si kwa anwani yake ya barua, kwa kuwa anwani hubadilika mtu akiolewa au tahajia ikisahihishwa. Na kwa kuwa ripoti za matumizi hutaja anwani, ulinganisho wa anwani na id ufanywe usiku uleule. Aliyefutwa hukaa siku 30 katika /directory/deletedItems, kisha huondoka moja kwa moja. Kutoka majedwali hayo mawili, hoja moja ya SQL hutoa kwa kila mtu na kila mwezi siku alizokuwa na leseni na siku alizoitumia.

Nilisema nitarudi kwenye pazia la majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hutaka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa, kwa kiasi kinachohitajiwa, naye aarifiwe. Orodha ya siku ambazo mfanyakazi aligusa kompyuta yake ni habari zake bila shaka yoyote, na bosi mmoja akiiona atatamani kuigeuza rejista ya mahudhurio. Nilikataa, na kwa insafu niseme kuwa mama wa hesabu alikuwa upande wangu. Tuliwapelekea watu wote waraka, tukaandika kuwa kusudi ni ugawaji wa leseni tu, na baada ya miezi 12 mistari ya siku hufutwa ikabaki jumla ya kila mwezi. Fauka ya hayo, likizo ya uzazi na ya ugonjwa huandikwa kwa mkono kando ya jina, kwa sababu API haijui kuwa mtu amejifungua.

Mwezi wa Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, hapa katika kaunti yetu, kitakachotumia umeme wa mvuke, na rafiki zangu wameniuliza mara kwa mara kama hapo majibu yatakuja kwa wepesi zaidi. Kwa kazi hii haileti tofauti, maana kinachopungua ni kumbukumbu, na muda wa kumbukumbu ni uamuzi wa kibiashara.

Limebaki moja la kuangalia. Siri uliyoiunda mwanzoni ina mwisho wake, usiozidi miezi 24, na ikifika siku hiyo skripti itanyamaza bila kukuaga, na kila usiku ikinyamaza unapotea usiku mmoja wa tarikhi, ambao baada ya siku 30 haupatikani tena. Andika tarehe hiyo katika kalenda ya ofisi, si katika simu yako peke yako, na ifanye skripti ikutumie barua pepe kila asubuhi yenye idadi ya mistari iliyoandikwa usiku, ili siku idadi itakapokuwa sifuri uwe na muda wa kuvuna zile siku kabla hazijafutwa.