Mafuta Ambayo Mwili Hauwezi Kuyatengeneza

Nimepewa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, nami nataka kueleza habari za mafuta tunayokula. Najua wengine watasema, "Mafuta ni mafuta tu." Hata mimi nilisema hivyo, mpaka jambo moja lilipotokea nyumbani kwetu Nyamirambo, hapa Kigali.

Dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wake wa kwanza kabla ya wakati. Mtoto alikaa hospitali wiki nyingi, na kwa rehema ya Mungu akaishi. Mwaka huu dada ni mja mzito tena, naye amekuja kukaa kwetu. Mama humpikia kila anachoona ni kizuri: wali, viazi vya kukaanga, na nyama siku fedha zinapopatikana. Lakini wale dagaa wa Ziwa Kivu, tunaowaita sambaza, hakumpa. Alisema, "Hicho ni chakula cha siku za shida, na shombo lake litamtapisha."

Wiki ile ile mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitufundisha somo la mafuta. Nilisikiliza kuliko siku zote. Haya ndiyo niliyoyapata darasani, na mengine niliyosoma baadaye.

Mafuta yamejengwa kwa asidi za mafuta. Kila asidi ni kama mnyororo wa kaboni. Katika minyororo mingine kaboni zimejaa haidrojeni kabisa. Mafuta yenye minyororo hiyo kwa wingi huganda, kama samli. Katika mingine, mahali fulani kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja. Mafuta ya namna hiyo hubaki majimaji, kama ya alizeti.

Sasa, mwili wetu ni fundi hodari. Mtu akila ugali au viazi kupita haja yake, mwili hugeuza wanga ule kuwa mafuta. Lakini ziko asidi mbili ambazo fundi huyu hawezi kuzitengeneza. Ya kwanza ni asidi ya linoleiki, ya jamaa ya omega-6. Ya pili ni asidi ya alfa-linoleniki, ya jamaa ya omega-3. Tarakimu hizo zaonyesha mahali pa kiungo cha kwanza cha mikono miwili, ukihesabu kaboni kutoka mkiani mwa mnyororo. Mimea inaweza kutia viungo hivyo mahali pake. Mwili wa mtu hauwezi. Kwa hiyo hapana budi tuzipate katika chakula.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1929, na George Burr na mkewe Mildred, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Waliwalisha panya chakula kizuri chenye kila kitu ila mafuta. Panya wale wakaacha kukua, ngozi na mikia yao ikawa na magamba, figo zikaharibika, wakafa mapema. Walipopewa mafuta yenye asidi ya linoleiki, wakapona. Mpaka siku zile wataalamu wengi walidhani kazi ya mafuta ni kutia nguvu tu, kama kuni katika moto. Mwaka 1963, Arild Hansen na wenzake huko Texas walionyesha kwamba watoto wachanga waliolishwa maziwa yasiyo na asidi hiyo walipata ngozi kavu yenye kubanduka.

Je, asidi hizi zina kazi gani? Hujenga tando za seli zetu zote. Tena mwili hutumia ile ya omega-3 kutengeneza asidi nyingine ndefu, iitwayo DHA, ambayo ni nyingi sana katika ubongo na ndani ya jicho. Mtoto huipokea kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho tumboni, na huendelea kuihitaji akiwa ananyonya. Shida ni kwamba mwili huigeuza kidogo tu. Njia nyepesi ni kula DHA iliyo tayari, na hiyo imo katika samaki. Asili yake ni mimea midogo sana ya majini: vijidudu vya majini huila, na samaki huwala vijidudu hivyo.

Tutazame basi vyombo vyetu vya jikoni. Mafuta ya alizeti yana omega-6 nyingi, lakini omega-3 karibu hayana. Karanga ni vivyo hivyo. Mawese yana omega-6 kidogo, na samli yana kidogo zaidi. Soya inazo zote mbili: kikombe kimoja cha soya iliyochemshwa kina kama gramu 1 ya omega-3 ya mimea, na mwanamke asiye mjamzito anahitaji kama gramu 1.1 kwa siku. Maharage yetu ya kila siku nayo yana omega-3, ingawa mafuta yake ni machache. Lakini DHA haimo katika hivyo vyote.

Hapo ndipo nilipowakumbuka sambaza. Samaki hawa si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kwa sababu Kivu halikuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa. Leo wavuvi hutoka usiku na taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na asubuhi samaki huanza safari ya masoko ya Kigali. Samaki wadogo namna hii wana faida nyingine: zebaki haijikusanyi mwilini mwao kama katika samaki wakubwa wawindaji.

Niliporudi nyumbani nikamweleza mama. Akauliza, "Mwanangu, dagaa ndio watakaomfanya dada yako ajifungue kwa wakati?" Nilishindwa kujibu, nikaenda kutafuta. Nikaona kwamba mwaka 2018 watafiti wa Cochrane walichunguza majaribio 70 juu ya omega-3 kwa wajawazito, ambao jumla yao ilikaribia 20,000. Kwa wale wasioongezewa, 134 katika kila 1,000 walijifungua kabla ya wiki 37; kwa walioongezewa, mara nyingi kwa vidonge, walikuwa 119. Waliojifungua kabla ya wiki 34 walipungua kutoka 46 mpaka 27.

Nikamwambia mama ukweli wote. Dagaa si dawa, na sababu za mtoto kuzaliwa mapema ni nyingi. Wala hakuna ajuaye kama mtoto wa kwanza angalikaa tumboni zaidi. Kliniki haiachwi kwa ajili ya sahani ya samaki. Lakini mwili wa dada unahitaji kitu usichoweza kujitengenezea, nacho kinauzwa sokoni kwa bei nafuu kuliko nyama. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tatizo ni shombo tu."

Tatizo hilo alilimaliza mwenyewe. Aliwaosha dagaa kwa maji ya moto kidogo, akawakamulia ndimu, akawapika kwa nyanya na karanga za kusaga. Hakuwakausha katika mafuta yaliyochemka mara nyingi, maana moto mkali huharibu asidi hizi. Dagaa wakavu nao wachaguliwe kwa pua: wenye harufu ya mafuta yaliyochacha, mafuta yao yamekwisha kuharibika.

Dada alionja kijiko kimoja, akaongeza cha pili. Sasa hula mara mbili kwa wiki. Mtoto hajazaliwa bado. Tumevuka juma lile alilozaliwa wa kwanza, nasi tunahesabu siku.

Wenzangu, tukiona dagaa katika sahani ya bwalo, tusiwasukume pembeni na kuviacha vichwa. Na tukienda likizo, tutazame ni nani nyumbani anayekula mchuzi mtupu. Mara nyingi ni yule anayewahitaji samaki kuliko sisi.