Chakula, Telomea na Kuzeeka kwa Seli: Somo kwa Wahudumu na Wagonjwa wa Njombe na Makambako

Matangazo ya virutubisho vinavyodaiwa kurefusha telomea humfikia leo yeyote mwenye simu, awe Njombe mjini au katika stendi ya Makambako. Ahadi yake ni moja: telomea zikirefuka, uzee hurudi nyuma. Katika mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wakiishi na VVU, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4, ahadi hiyo si ya kupuuzwa kwa kicheko. Mtu anayemeza dawa kila siku, na ambaye huona mwili wake ukichoka mapema kuliko wa wenzake, ana sababu ya kutaka kuiamini. Anastahili kuelezwa kile kinachojulikana.

Kila seli hubeba maelekezo ya urithi, yaani DNA, yaliyofungwa katika kromosomu. Kwenye ncha za kromosomu ndiko ziliko telomea: mfuatano wa herufi sita za DNA, TTAGGG, unaorudiwa maelfu ya mara. Zafanana na fundo linalofungwa mwishoni mwa kamba ya katani ili isifumuke. Seli inapogawanyika, DNA hunakiliwa, lakini unakili huo haufiki mwisho kabisa wa uzi. Kwa hiyo ncha hupungua kidogo kila mara. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na mwenzake walionyesha kwamba seli za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi, kisha husimama. Telomea ikifupika kupita kiasi, seli hufa au huacha kugawanyika. Zile zilizosimama bila kufa huleta udhia wa pekee, kwani hutoa kemikali zinazoichokoza kinga ya mwili bila kukoma, na uchokozi huo wa muda mrefu huambatana na magonjwa ya moyo, kisukari na udhaifu wa uzeeni.

Kimo kimeng'enya kiwezacho kuzirudishia telomea urefu wake, nacho huitwa telomerasi. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya telomea na kimeng'enya hicho. Hapo ndipo wauzaji walipopata neno lao. Wanachokiacha ni kwamba seli nyingi za saratani huishi bila kikomo kwa sababu zimeiwasha telomerasi upya, na kwamba watu waliorithi telomea ndefu wana hatari kubwa zaidi ya kupata baadhi ya saratani, ikiwemo ya ngozi aina ya melanoma. Telomea ndefu peke yake, basi, si sawa na afya.

Je, chakula kina nafasi gani? Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa wauguzi wa kike 4,676 wa Marekani. Wale ambao mlo wao ulifuata zaidi desturi ya nchi za Mediterania, yaani mboga, matunda, jamii ya kunde, karanga, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, walikuwa na telomea ndefu zaidi. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine wa Marekani ulihusisha unywaji wa soda zenye sukari na telomea fupi. Chunguzi hizi zaonyesha mambo mawili yaendayo pamoja. Hazithibitishi kwamba moja limesababisha lingine, maana mwenye kula mboga huenda pia ndiye asiyevuta sigara. Lipo pia jaribio la mwaka 2013 lililokuta telomea zikirefuka kwa wanaume waliobadili mlo, mazoezi na namna ya kukabili msongo wa mawazo. Ila waliobadili maisha walikuwa 10 tu, na hakuna awezaye kusema ni kipi kati ya hayo kilicholeta tofauti.

Jaribio lenye funzo zaidi kwa Njombe lilifanyika vijijini Bangladesh. Watoto waliopewa lishe ya nyongeza pamoja na huduma za maji safi, vyoo na unawaji mikono walikutwa, baada ya mwaka mmoja, na telomea fupi kuliko wenzao wasiopewa chochote. Mwaka wa pili tofauti ilikuwa imetoweka. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni kwamba mtoto anayekua kwa kasi hugawanya seli zake kwa kasi pia. Mtu angepima telomea pekee, angesema msaada umewadhuru watoto. Telomea haifai kuwa mizani ya kumpimia mtoto wala mlo wa mama yake.

Mizani iliyopo ni urefu na uzito, na matokeo yake mkoani hapa ni mazito. Njombe ina mahindi, viazi mviringo, maharage, njegere, kabichi, maziwa na maparachichi yanayovuka bahari, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wana udumavu, wakati kitaifa ni asilimia 30. Hii si njaa ya mashamba. Mazao yanapakiwa magari ya Makambako, penye njia panda ya Songea na reli ya TAZARA. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto hubakiwa na uji mwepesi wa mahindi matupu, mara mbili kwa siku. Uji uleule ukiongezwa parachichi lililopondwa, maziwa au maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, na ukatolewa mara nyingi zaidi, unakuwa chakula kingine.

Kwa watu wazima pia, kile ambacho chunguzi za telomea zinakisifu kimo sokoni tayari. Ugali wa dona una nyuzinyuzi ambazo sembe imenyang'anywa. Maharage na mboga za majani ni vya bei nafuu kuliko kopo lolote la unga wa ng'ambo. Hata telomea zisiporefuka kwa unywele mmoja, mlo huo hupunguza shinikizo la damu na sukari. Ulanzi ni suala jingine, na huwa mgumu kulizungumza msimu wa mvua: utafiti mkubwa wa kinasaba wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliashiria kwamba pombe yenyewe huchangia kufupisha telomea, hasa kwa wanywao sana.

VVU navyo hufupisha telomea za chembe nyeupe za damu, kwa kuwa kinga hulazimika kuzalisha chembe mpya bila kupumzika. Watafiti wa Uswisi walikuta kwamba kuchelewa kuanza dawa baada ya kuambukizwa kuliambatana na telomea kufupika zaidi. Kama ipo tiba inayostahili kuitwa mlinzi wa telomea kwa mgonjwa wa VVU, ni ARV zilezile anazopewa bure kliniki.

Hapa ndipo kopo la virutubisho linapoweza kudhuru. Dawa kuu ya sasa nchini ina dolutegravir, ambayo hushikwa tumboni na madini ya kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu, ikashindwa kuingia katika damu kwa kiwango kinachotakiwa. Ni salama dolutegravir imezwe saa 2 kabla ya virutubisho vyenye madini hayo, au saa 6 baada yake. Vya kalsiamu na chuma vinaweza kumezwa pamoja nayo iwapo mgonjwa anakula chakula wakati huohuo. Mjamzito anayepewa vidonge vya madini chuma asiviache. Avimeze pamoja na dawa yake wakati wa kula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hufuata kanuni ya saa 2 na 6, hata kukiwa na chakula.

Mhudumu anayeona wingi wa virusi umepanda kwa mgonjwa asiyekosa dozi aulize, kwa upole na bila kumtisha, kama kuna unga, kidonge au chupa nyingine anayotumia nyumbani, na amwombe aje nayo ili maandishi yake yasomwe pamoja.